Sabuni kwa Kila Pete

Kolwezi, tarehe 11 Februari 2024

Mudogo yangu Godelieve,

Nakuandikia nikiwa mzima, na nyumba bado ina paa, ingawa upande wa jikoni paa lenyewe linafikiria kuondoka. Mvua ya mwaka huu haijui kupumzika. Jirani anachimba shimo uwanjani kwake, anasema ni choo. Ni choo chenye ngazi, watu wa zamu na magunia ya mawe. Tunajifanya tunaamini, maana sakafu yetu iko karibu na sakafu yake. Mulamu yako Adèle anakusalimia. Goti lake halijambo.

Sikupigii simu kwa sababu ileile ya siku zote. Ili unisikie lazima upande kilima nyuma ya misioni, na ukifika juu unanijibu kwa sauti ambayo Sandoa nzima inapata habari za ukoo wetu. Lori la Dodo, linalotubebea barua, linakwenda polepole, lakini halipigi kelele za nyumbani.

Sasa neno lenyewe. Unalijua bwawa la matete nyuma ya kartie yetu, mtaa tulikozaliwa. Unajua pia kwamba miaka minne sasa tunakwenda pale jioni, wakati mbayuwayu wanashuka kulala. Tunawakamata kwa wavu mwembamba, tunawavalisha pete ndogo ya alumini mguuni, tunawapima, tunaandika namba, tunawaachia. Mwalimu mmoja wa Lubumbashi ndiye aliyetufundisha, akatuachia nyavu, pete, na ahadi ya kurudi. Nyavu na pete bado tunazo. Kikundi kimebaki watu watatu: mi, Micheline mshonaji, na Mwamba wa taksi ya pikipiki. Kwa kuwa hakuna anayelipwa, hakuna anayeweza kufukuzwa, na Mwamba analijua hilo vizuri mno. Mwezi uliopita Micheline alitushonea mifuko mipya ya kuwaweka ndege wakisubiri kupimwa. Mifuko mizuri. Nilipata kitambaa fulani cha zamani nyumbani.

Lakini mwenye depo mmoja ya kununua madini ameliomba bwawa hilo ili watu wake waoshee mawe. Wakiosha juma moja tu, maji yatakuwa kama chai ya maziwa, matete yatakufa, na ndege wetu watalala wapi? Nilikwenda kwa Badibanga, shefu wa kartie. Alinipokea vizuri, akanipa kiti chenye miguu yote.

"Tata Polycarpe, mi siko mubaya," akaniambia. "Lakini hii ndeke yako, nani anaijua? Mawe, kila siku bantu banakuya kuniuliza. Ndeke, hakuna hata mumoya alishakuya kuniuliza ndeke."

"Zinakwenda mbali, shefu. Zinapita hata Sandoa."

"Nani aliziona?"

Mi nikaanza kusifu kiti, na yeye akaona. Mkutano wa kuamua juu ya bwawa ni mwezi wa sita. Amesema nikimletea mtu mmoja tu, wa mbali, aliyeona ndege wetu mwenye pete yetu, bwawa litabaki. Nisipomleta, wataosha mawe.

Kwa hiyo nakuomba. Kuanzia mwisho wa mwezi huu mbayuwayu wanaondoka kwetu kuelekea kaskazini, na nadhani wanapita kwenu wakifuata kumbikumbi. Ulizia kama kuna mtu ameona ndege mwenye pete. Ulizia kimyakimya. Narudia: kimyakimya.

Kaka yako,
Polycarpe

*

Sandoa, tarehe 3 Machi 2024

Yaya Polycarpe,

Barua yako imefika ikiwa na harufu ya mazuti ya lori na alama ya kiatu. Nimeisoma hivyohivyo. Sisi hapa tupo. Mihogo imekubali, mahindi yamekataa. Genge langu la sokoni linaendelea: samaki wakavu, chumvi, sabuni. Mbuzi wa misioni amekula kibao changu cha bei, sasa wateja wanapanga bei wenyewe.

Na Adèle? Umeniandikia juu ya goti lake kana kwamba goti ndilo limebaki nyumbani. Mwambie aniandikie mwenyewe mistari miwili.

Sasa juu ya ndege zako. Kusema kweli nilicheka, halafu nikakasirika. Una zaidi ya miaka hamsini, una kifua kinachokohoa tangu mvua za mwaka juzi, na unasimama jioni ndani ya matope kuvalisha mbayuwayu bijou kama bibi arusi. Lakini bwawa lile tumekulia kandokando yake. Mama alikuwa anatutuma kukata matete pale, na mi sitaki kusikia limekuwa mahali pa kuoshea mawe ya mtu.

Umesema kimyakimya. Lini mi nimewahi kufanya jambo kimyakimya nikafaulu? Nimemwendea Padri. Jumapili iliyopita, baada ya misa, kabla ya tangazo la mbao za paa, ametangaza kwa sauti: yeyote atakayeleta pete ya mguu wa ndege kwa mama Godelieve sokoni, atapewa kipande kizima cha sabuni. Watu wamefurahi sana. Hata Waprotestanti wamekuja kuuliza kama na wao wanahusika.

Usinishukuru bado.

Dada yako,
Godelieve

*

Kolwezi, tarehe 17 Machi 2024

Godelieve,

Sisi wazima. Mvua bado.

Ondoa hiyo sabuni! Nakuomba mbele ya Padri na mbele ya Waprotestanti wote: ondoa tangazo! Umewaambia watu wa Sandoa kwamba miguu ya ndege ina zawadi. Unafikiri watamsimamisha mbayuwayu angani wamwombe aonyeshe mguu? Watamshika kwanza. Wataangalia pete akiwa amekwisha kufa. Na kwa kila mmoja mwenye pete kuna maelfu wasio nayo, na hao watakufa kwa kosa la kuwa na mguu mtupu. Mwambie Padri atangaze upya kwamba ulikuwa na homa.

Naandika kwa hasira kwa sababu na hapa tumevunjika moyo. Wiki jana Mwamba alidondosha pete moja njiani. Jirani yangu, yule wa choo, akaiokota. Katika mji mwingine mtu akiokota pete anajiuliza ni ya nani. Hapa Kolwezi alijiuliza ina kobalti kiasi gani. Akaipeleka depo, ikawekwa chini ya ile mashine ya kupimia mawe, watu wakasogea. Mashine ikasema hakuna shaba, hakuna kobalti, hakuna kitu. Mwenye depo akaona ametukanwa, akamfukuza. Jirani akarudi akipiga kelele barabara nzima:

"Polycarpe anavalisha ndeke bitu bya bule! Hata ndeke anazidanganya!"

Tangu siku hiyo watoto wakiniona wanainua mguu mmoja.

Nimesikia neno lako juu ya kifua changu. Bwawa lina maji mengi mwaka huu, ni jambo zuri kwa matete.

Ondoa sabuni.

Polycarpe

*

Sandoa, tarehe 9 Aprili 2024

Yaya,

Natumaini umeamka vizuri, kwa sababu mi siamki tena, naamshwa. Kabla jogoo hajawika mlango unagongwa. "Mama Godelieve, nimeleta pete!"

Sikiliza nilicholetewa. Pete ya pazia. Mpira wa bomba la maji. Kile kishikio cha kufungulia kopo la bia, na aliyekileta alitaka sabuni mbili kwa sababu kopo lilikuwa kubwa. Kuku mzima mwenye uzi mwekundu mguuni. Mwenye kuku alimfuata nyuma, wakapigana mbele ya genge langu. Katekista naye amekuja na njiwa aliyevishwa pete ya ndoa. Nikamwambia: "Katekista, hii ni ya mkeo." Akajibu: "Mama, ndege amepita nyumbani." Amekwenda nayo, na bila sabuni.

Hayo ningeyacheka. Lakini wiki ya pili vijana walianza kuniletea mbayuwayu wenyewe, wamefungwa kwa kamba kama vitunguu. Wanachukua kumbikumbi hai, wanampaka ulimbo, wanamfunga kwenye ncha ya tete refu, wananyanyua. Mbayuwayu anamdaka kumbikumbi, ulimbo unamdaka mbayuwayu. Kamba baada ya kamba, wala pete hakuna. Nikawauliza: sasa hawa mmewaua kwa nini? Wakanijibu kwa heshima kabisa: "Mama, tulikuwa tunatafuta."

Nimekwenda kwa Padri, ametangaza upya. Sasa wanasema mama Godelieve amepata pete za kutosha na anataka kuzificha ziwe ghali.

Ndani ya karatasi hii iliyokunjwa utakuta pete moja. Ni ya kweli, ina herufi na namba. Imeletwa na mtu. Usiniulize mtu gani, watu ni wengi.

Adèle hajaniandikia.

Godelieve

Naongeza hapa chini, tarehe 11. Dodo amefika leo na barua yako ya kunikataza. Alikwama siku nyingi karibu na Kasaji, matope yalifika mlangoni. Asante kwa ushauri. Umefika kama mwamvuli baada ya kulowa.

*

Kolwezi, tarehe 28 Aprili 2024

Mudogo yangu mupendwa,

Leo nakuita mpendwa na sijalazimishwa. Nimefungua karatasi yako mezani kwa Micheline, na pete ikaviringika kati ya vifungo vya mashati. Nikaisoma. Akaisoma yeye. Mwamba naye akaisoma, ambaye kwa kawaida hasomi hata mafuta yamebaki kiasi gani. Namba inaishia na 418. Tukafungua kumbukumbu zetu: mbayuwayu, mtoto wa mwaka jana, alivalishwa na Micheline mwenyewe mwezi wa pili, jioni ile alipotumia pete kuanzia 410 mpaka 440. Alikuwa mwepesi kuliko barua hii. Amevuka Mutshatsha, amevuka Kasaji, amefika kwako. Micheline akasema, "Mi mwenyewe sijawahi kufika Sandoa," akaendelea kushona suruali ya watu.

Sasa nahitaji mambo machache. Nani alimshika, wapi, siku gani, na alikufaje. Shefu atayauliza hayohayo.

Nakusaidia kidogo. Pete hii ni nyeusi upande mmoja, na weusi wake ni wa moto. Nimeinusa. Ina mawese. Micheline, ambaye pua yake ni ya kuaminika kuliko yangu, anasema ina na pilipili. Mi si msomi wa vitabu vikubwa, nimejifunza kwa kutazama, lakini najua alumini haipati pilipili kwa kupita angani.

Mkutano umepangwa tarehe 8 mwezi wa sita. Niandikie upesi.

Kaka yako,
Polycarpe

*

Sandoa, tarehe 12 Mei 2024

Yaya Polycarpe,

Hapa mvua zimekoma. Mihogo tunaitoa majini. Mtoto wa jirani amebatizwa, wamempa majina manne kwa sababu wajomba walishindwa kuelewana. Samaki wamepungua sokoni. Misioni imeezeka upande mmoja wa darasa, upande wa pili wanangoja mbao. Mbuzi yuleyule ameugua, nasikitika kwa kiasi. Barabara ya Kasaji imeanza kukauka. Nimebadilisha mkeka.

Juu ya pete sina la kuongeza. Nimekutumia pete, umenirudishia maswali ya polisi. Wewe na Micheline mnanusa barua za watu?

Lakini kwa kuwa unapenda sana kujua mambo, na mi nina yangu. Dodo alikunywa chai hapa juzi. Nikamwambia, ukifika Kolwezi umwambie Adèle nina kinyongo naye, haniandikii. Dodo akaangalia kikombe. Nikamwambia, Dodo, sema. Akasema yeye mwenyewe ndiye aliyempeleka Adèle Fungurume kwa dada yake, na masanduku mawili, mwezi wa kwanza. Mwezi wa kwanza, yaya! Na tarehe 11 mwezi wa pili ukaniandikia, "Adèle anakusalimia, goti lake halijambo." Ulilisikia goti kutoka Fungurume?

Kwa hiyo nakuuliza kama unavyoniuliza: mke wako aliondoka kwa sababu gani, na nani alimkosea. Ukijibu, nami nitajibu. Usipojibu, pete ililetwa na mtu.

Godelieve

*

Kolwezi, tarehe 20 Mei 2024

Godelieve,

Dodo anaondoka kesho asubuhi, sitazunguka.

Mifuko ya ndege. Kile kitambaa cha zamani kilikuwa kitenge chake cha kijani chenye mikia ya tausi, kile alichopewa na kina mama wa parokia tulipotimiza miaka ishirini na tano ya ndoa. Kilikuwa kimekunjwa chini kabisa ya sanduku. Mi niliona hakivaliwi, nikafikiri kimesahauliwa. Sikujua kuna nguo ambazo mwanamke hazivai kwa sababu anazipenda. Micheline alishona bila kujua ni cha nani.

Jumamosi moja Adèle alileta chakula bwawani. Akaona tausi wake wananing'inia kwenye matete, kila mmoja ana mbayuwayu ndani, na chini ya kila mmoja kinyesi. Alisimama, akaweka sufuria chini, akaniambia, "Polycarpe, ungeniomba hata nilichokivaa ningekupa." Basi. Kesho yake akapanda lori la Dodo. Salamu zake nilizitunga mwenyewe.

Hilo ndilo jibu. Sasa nangoja jibu langu.

Nimempelekea Badibanga pete. Aliigeuzageuza, akaniuliza: "Tata, hizi kwako nyumbani biko ngapi?" Nikasema nyingi, zimetungwa kwenye waya. "Sasa mi najuaje hii haikutoka ku waya yako? Pete haina mudomo. Leta mutu mwenye anasema." Mwenye depo alikuwa amekaa pembeni, anatabasamu. Amekwisha kuleta pampu. Imelazwa kando ya bwawa, imefunikwa turubai, inasubiri tarehe kama sisi.

Godelieve, bila maneno yako bwawa limekwenda. Sikukasirikii kwa lolote. Andika tu.

Polycarpe

*

Sandoa, tarehe 29 Mei 2024

Yaya,

Mikia ya tausi! Mi nilikuwepo siku anapewa. Alilia. Wewe ulikuwa nje unatazama bundi juu ya mnara wa kanisa.

Sina la kukuambia leo, nitalitafuta zito zaidi. Karatasi ya pili ni ya shefu wako. Isomwe yote, usiipunguze.

Godelieve

*Kwa tata shefu Badibanga, na watu wote wa kartie waliokusanyika.*

Naitwa Mbuyu Godelieve. Nimezaliwa kwenu, hapo juu ya bwawa, nimeolewa Sandoa, nauza sokoni. Mnaniuliza nani alimwona ndege wenu. Mi nilimwona, na zaidi ya kumwona, nilimla.

Ilikuwa Jumapili ileile Padri alipotangaza. Natoka misa, nakuta vijana wawili njiani wana kamba ya mbayuwayu waliowanasa kwa kumbikumbi. Niliwakemea sana. Nilipomaliza kuwakemea nikanunua kamba nzima, kwa sababu ndege walikuwa wamekwisha kufa na nyumbani hapakuwa na mboga. Niliwaunguza manyoya motoni, nikawakaanga na mawese na pilipili, wazima na miguu yao, tukala na bukari ya mihogo. Nikiwa natafuna, kitu kikalia kama changarawe. Nikakitoa. Kilikuwa na namba. Jino langu la kushoto bado linanisumbua.

Mi niliyewatuma watu wote kutafuta pete, niliikuta mdomoni mwangu. Niliona haya, ndiyo sababu sikumwambia kaka yangu. Sasa nasema mbele yenu kwa sababu nasikia mnataka mdomo, na mdomo ni huu. Ndege alikuwa mkavu, hana ladha. Lakini alikuwa wa kwenu, na alifika.

Kama kuna anayesema naongopa, apande lori la Dodo aje atazame jino.

*

Kolwezi, tarehe 10 Juni 2024

Mudogo yangu,

Bado nina sauti ya kicheko masikioni, kwa hiyo nisamehe mwandiko.

Mkutano ulikuwa uwanjani kwa shefu. Watu walijaa, wengi walikuja kwa ajili ya pampu. Mwenye depo akasema kwanza: kazi kwa vijana, maji ya bure, ndege wataenda kwingine, wana mabawa. Watu wakapiga makofi. Halafu nikaitwa. Nikampa Micheline karatasi yako asome, kwa kuwa mi nilikohoa. (Ndiyo, nakohoa. Umejibiwa.)

Alipofika pale "nilipomaliza kuwakemea nikanunua kamba nzima," uwanja ulianguka kwa kicheko. Alipofika kwenye jino, jirani yangu wa choo alilala chini kabisa. Mi nilikuwa natazama miguu yangu, nasema moyoni, bwawa limekwisha, dada yangu amelimaliza kwa kuchekesha watu.

Badibanga hakucheka. Aliomba karatasi, akaisoma mwenyewe kimya, kidole chini ya kila mstari. Akasimama.

"Ngoja kwanza. Hii ndeke, inalala ku matete ya wapi?"

"Ya kwetu, shefu."

"Inakunywa mayi ya wapi?"

"Ya kwetu."

"Na inakuliwa wapi?"

Mtu mmoja nyuma akasema polepole: "Sandoa, shefu."

"Sandoa! Na pilipili!" Akageuka akamtazama mwenye depo kana kwamba yeye ndiye aliyekaanga. "Shaba inatoka hapa, banakula bengine. Kobalti inatoka hapa, banakula bengine. Siye tunabakia na mashimo. Sasa na ndeke? Ndeke ya kartie yangu banaitafuna fasi ingine, na hakuna mutu anakuya kuniomba? Hapana! Hii moja haitatoka ovyo!"

Godelieve, nilitaka kumweleza kwamba mbayuwayu si wa mtu, kwamba kwetu ni wageni tu, kwamba pete si alama ya mwenye mali. Nilikwisha kufungua mdomo. Micheline alinikanyaga mguu kwa kisigino, nikaufunga.

Bwawa halitaoshewa mawe. Pampu imeondolewa jana, na Mwamba aliisindikiza kwa pikipiki akipiga honi. Shefu ameweka watu wawili wa kulinda matete, nao usiku wanavua kambare, lakini hayo tutayazungumza baadaye. Anataka nimletee kila mwezi hesabu ya "ndeke yetu," na anadai Sandoa irudishe mmoja. Nimemwambia nitaandika.

Jambo la mwisho. Watu wanatawanyika, namwona mwanamke amekaa kwenye benchi la nyuma, sanduku moja miguuni. Dodo alikuwa amepita Fungurume na habari ya jino lako. Nikaenda. Akaniuliza: "Ile mifuko bado biko?" Nikasema ipo. "Yote?" Nikasema mmoja umechanika. Akasimama, akasema: "Twende ukanionyeshe."

Sasa mifuko inakaa ndani ya sanduku lake. Jioni anatupa, tukirudi anaihesabu, anaifua mwenyewe, anaianika mbali na nguo zangu. Kuhusu kitenge hatujaongea. Goti lake, kwa kweli, linamuuma.

Kaka yako,
Polycarpe

*

Sandoa, tarehe 4 Novemba 2024

Yaya Polycarpe, na wewe mulamu yangu Adèle, maana sasa najua mnasoma pamoja,

Mvua zimerudi. Mihogo imepandwa. Mbuzi amepona, kwa bahati mbaya. Jino nimeling'oa Kapanga nilipokwenda kununua samaki, kwa hiyo ushahidi wa shefu haupo tena.

Na kumbikumbi wametoka, na ndege wenu wamerudi. Wewe ulisema wanakwenda kaskazini mpaka nchi za baridi, mi nikaitikia tu. Jana vijana walewale wamekuja mbio. Hawakuwa na kamba, walikuwa na mbayuwayu mmoja hai, amenaswa mkia na bawa moja. "Mama, huyu ana pete! Hatukumuua, tulikumbuka ulivyotukemea." Hawakumbuki kwamba nilinunua.

Nilimtoa ulimbo kwa mawese kidogo na jivu, unyoya mmoja mmoja, mchana mzima, wateja wananingoja. Sasa najua kwa nini unasimama kwenye matope. Moyo wake ulikuwa unapiga mkononi mwangu kama simu ya mtu. Nilimlaza ndani ya kikapu mpaka akakauka. Watoto wa nyumba walikuwa wamekaa kando ya moto, sufuria iko tayari, wananitazama. "Mama, hatumli?" Nikawaambia huyu ni wa shefu.

Namba yake inaishia na 431. Ni wa jioni ileile ya Micheline, wamelala tete moja na yule wangu. Pete sikuitoa, ameondoka nayo, alizunguka paa la misioni akaelekea kwenu. Mwambie Badibanga kwamba Sandoa imemrudisha, na atakapofika ahesabiwe.

Dodo anakuletea kitenge, Adèle. Si cha tausi, cha tausi hakipatikani. Kifiche vizuri.

Na wewe, yaya, kuna neno moja katika ile karatasi niliyomwandikia shefu ambalo halikuwa kweli. Niliandika kwamba yule wa kwanza alikuwa mkavu, hana ladha. Niliandika vile kwa heshima yako. Alikuwa mtamu sana. Jana, nilipofungua kikapu, nilikuwa nakumbuka vizuri.

Dada yako,
Godelieve